Bomba la amri katika lugha ya C: Urahisi unaoweza kumponza mkulima

KATIKA vijiji vinavyozunguka soko la Kanja, Kaunti ya Embu, mkulima wa kahawa anaelewa vyema maana ya kupokezana kazi. Matunda mabivu humiminwa kwenye mashine ya kumenya. Buni huchukuliwa na maji hadi kwenye matangi ya kuchachushia, kisha hupitishwa katika mifereji ya kuoshea kabla ya kuanikwa juani. Hakuna mashine inayofanya kazi yote. Kila hatua hupokea kutoka kwa iliyotangulia na kuipokeza inayofuata.

Wazo kama hilo limo ndani ya tarakilishi. Mnamo 1964, mtaalamu wa maabara ya Bell nchini Marekani, Doug McIlroy, alipendekeza kuwa programu ziunganishwe jinsi mipira ya kunyunyizia maji inavyounganishwa bustanini. Mwaka wa 1973, mwenzake Ken Thompson alilitekeleza pendekezo hilo katika mfumo wa Unix. Njia hiyo ya kupokezana ikaitwa bomba.

Wanaoandika programu kwa lugha ya C walirahisishiwa mambo zaidi katika toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lililoleta popen, yaani kifungua bomba. Kwa mstari mmoja tu, programu huagiza amri nyingine itekelezwe, kisha husoma majibu yake kana kwamba inasoma faili ya kawaida.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika kinachohifadhi orodha ya malipo katika faili iitwayo malipo.txt. Mkulima anataja nambari yake ya uanachama, 1047. Programu inaunda amri hii: grep 1047 malipo.txt. Kazi ya grep ni kutafuta mistari yenye nambari hiyo. Majibu hurudi kupitia bomba, na programu huyasoma mstari kwa mstari kwa kutumia fgets. Bomba hili huelekea upande mmoja: mwandishi huchagua ama kusoma kutoka kwa amri, ama kuiandikia.

Hata hivyo, popen haimkabidhi grep kazi moja kwa moja. Kwanza huamsha mfasiri wa amri aitwaye sheli, na kumsomea sentensi nzima. Sheli ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: hutekeleza kila anachosomewa, bila kuuliza ni nani aliyekiandika.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Tuseme huduma hiyo imefunguliwa mtandaoni ili wakulima wajiangalizie malipo wenyewe. Mtu mwenye nia mbaya anaandika, mahali pa nambari: 1047; rm malipo.txt; Kwa sheli, nukta-mkato humaanisha kwamba amri moja imekwisha na nyingine imeanza. Itatafuta nambari 1047, kisha itatekeleza rm, ambayo kazi yake ni kufuta. Ikiwa programu ina idhini ya kufuta, orodha ya malipo itatoweka.

Utiifu huo wa sheli uliwahi kuitikisa dunia. Septemba 2014, ilitangazwa kuwa sheli maarufu ya Bash ilikuwa na kasoro, iliyopewa jina la Shellshock, ambayo ilikuwa imedumu tangu 1989. Seva zilizopitisha taarifa za wageni hadi kwa Bash ziliweza kuamrishwa kutoka mbali.

Mtego wa pili ni wa kimyakimya. Hata amri isipokuwepo, popen huweza kuonekana imefaulu, kwa sababu sheli yenyewe imeamka salama. Ukweli hujulikana bomba linapofungwa kwa pclose, ambayo hungoja amri imalizike na kurudisha hali yake. Amri isiyopatikana huleta nambari 127. Kwa grep, sufuri maana yake kimepatikana, moja hakikupatikana, na mbili kuna hitilafu, kwa mfano faili haikufunguka. Malalamiko ya grep hayapiti ndani ya bomba hilo. Mwandishi asipoikagua hali hiyo, mkulima aliyepeleka kahawa msimu mzima ataambiwa jina lake halimo, ilhali ni faili iliyokosa kufunguka.

Tiba si ngumu. Kwanza, programu ikubali tarakimu pekee katika nafasi ya nambari, na kukataa kingine chochote. Pili, pale ambapo maneno ya mtumiaji lazima yaingie katika amri, sheli iepukwe: pipe, fork na execvp huunda bomba lile lile, lakini humpa grep kila neno likiwa kamili, hivyo nukta-mkato hubaki alama tu. Tatu, programu ya kusoma isipewe idhini ya kufuta. Nne, kila bomba lifungwe na hali yake ikaguliwe. Na kwa kazi ndogo kama hii, C yaweza kuifungua faili na kuisoma yenyewe, bila kuomba msaada.

Wajibu huu si wa kiufundi tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huzibwa kwa mistari michache, kabla ya siku ya malipo kufika.