NGELI ZETU NA KIGIRIKI CHA KALE

Hebu shika kalamu na karatasi. Umeshika? Basi tayari unayo maneno mawili yenye asili ya Kigiriki cha kale. Kalamu tuliipata kwa Waarabu, lakini chanzo chake ni "kalamos", yaani tete, kwa maana watu wa kale walichonga tete wakaandikia. Karatasi nayo imetoka kwa "khartes", jani la mafunjo la kuandikia. Na falsafa je? Ni "philosophia", kupenda hekima. Kumbe lugha hii si mgeni kabisa nyumbani kwetu!

Haya niliyajua kwa ajili ya kaka yangu. Likizo ya Agosti mwaka jana alirudi kutoka chuo cha teolojia akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alikuwa ameanguka mtihani wa kwanza wa Kigiriki. Akianguka wa pili, ni kurudia mwaka mzima, na karo ya mwaka mwingine baba hana. Basi kila usiku alikuwa akikariri kama kasuku: "grapho, grapheis, graphei..." Nilipomwuliza ni nini hicho, akanijibu, "Wewe endelea na ngeli zako." Nikachungulia kitabu chake. Jamani! Nilichokiona humo ni mambo yale yale tunayotolewa jasho nayo darasani.

Kwanza, herufi. Ziko 24, na nyingi umekwisha kuzizoea bila kujua. Pai ya duara, theta ya pembe, lamda ya urefu wa wimbi, omega ya omu: zote ni herufi za Kigiriki. Jihadhari tu na zile zenye sura ya kudanganya. P yao ni R yetu. H yao kubwa ni sauti ya E ndefu. Na herufi ndogo inayofanana na V husomwa N. Hapa nitaandika maneno kwa herufi zetu ili usipate taabu.

Pili, vitenzi. Mwingereza akitaka kusema "naandika" hana budi kutumia maneno mawili, la mtu na la tendo. Mswahili na Mgiriki wa kale hutumia neno moja tu. Tazama:

grapho – naandika
grapheis – unaandika
graphei – anaandika
graphomen – tunaandika
graphete – mnaandika
graphousi – wanaandika

Mzizi ni "graph-", kama vile wetu ni "-andik-". Tofauti ni kwamba sisi tunamtaja mtenda mwanzoni mwa neno, wao mwishoni. Ukishajua hivyo, jedwali zima halikutishi tena.

Tatu, ngeli. Wao wana tatu tu: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike. Sisi tuna ngapi? Sasa nani amebeba mzigo mzito! Na kivumishi chao hupatana na nomino kama chetu. Neno "kalos" maana yake ni -zuri. Farasi mzuri ni "ho kalos hippos", bahari nzuri ni "he kale thalassa", na kitabu kizuri ni "to kalon biblion". Si upatanisho wa kisarufi huo? Kitabu kikiwa kimoja ni "to biblion", vikiwa vingi ni "ta biblia". Ndiyo asili ya jina Biblia: vitabu.

Nne, na hapa ndipo kaka alipokwama. Sisi tukisema "Mtu anamwona farasi" na "Farasi anamwona mtu", maana hubadilika kwa sababu ya mpangilio wa maneno. Nomino zote mbili ni za ngeli ya A-WA, kwa hivyo viambishi haviwezi kutuonyesha nani anamwona nani. Mgiriki yeye hutazama mwisho wa nomino. Katika kundi hili la nomino, mtenda huishia -os na mtendwa huishia -on:

Ho anthropos blepei ton hippon. (Mtu anamwona farasi.)
Ton hippon blepei ho anthropos. (Bado ni mtu anayemwona farasi!)
Ton anthropon blepei ho hippos. (Farasi anamwona mtu.)

Kaka alikuwa akichukua nomino ya kwanza na kuifanya mtenda, ati kwa sababu imetangulia. Nilimwambia, "Usiangalie nani katangulia, angalia mkia wake." Akanyamaza. Akarudia sentensi kumi alizokosa kwenye mtihani, na nane zikanyooka palepale. Kuna mikia mingine pia: "tou anthropou" ni -a mtu, kama katika "ho hippos tou anthropou", farasi wa mtu. Na kuna ule wa mpewa, ambao kazi yake inakaribiana na ya kauli yetu ya kutendea.

Huenda ukauliza, hayo yote yatatufaa nini sisi? Sikiliza. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mtu mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus. Humo ameeleza pwani yetu, akiiita Azania. Anautaja mji wa biashara wa Rhapta, ambako pembe za ndovu zilipatikana kwa wingi, na anasema mji huo ulipata jina lake kutokana na mashua zilizoshonwa. "Rhaptos" maana yake ni -lioshonwa. Mtu wa Lamu akisikia hivyo atakumbuka mara moja mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiwa misumari. Basi habari za kale za pwani yetu zimo katika lugha hiyo, nasi tunangoja wengine watusomee!

Ukitaka kuanza, usimeze jedwali zima kwa siku moja. Jifunze herufi kwa juma moja, kisha maneno matano kila siku: "logos" (neno), "bios" (maisha), "ge" (ardhi), "potamos" (mto), "hippos" (farasi). Unganisha hayo mawili ya mwisho utampata kiboko, ambaye Wagiriki walimwita farasi wa mtoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Kaka je? Mtihani wa pili alipita. Si kwa alama za kutangaza kijijini, lakini alipita, na karo ikapona. Siku hizi akinikuta na daftari la ngeli hanicheki tena, huketi kando yangu akauliza maswali. Nawe, mwanafunzi mwenzangu, usiidharau sarufi ya Kiswahili. Huwezi kujua ni mlango upi itakufungulia kesho.