Ushuhuda Mmoja Hautoshi: Namna ya Kupima Habari ya Dawa

Hakuna juma linalopita bila habari mpya ya dawa. Inatufikia kwa simu, sokoni, hata nje ya kanisa: "Watafiti wamehakikisha kwamba dawa hii inaponyesha." Mama mwenye mtoto anayechemka mwili anataka kujua jambo moja tu: niamini au nisiamini? Si lazima kuwa munganga ili kupima habari ya namna hiyo. Inatosha kujua maulizo machache. Na mfano wa kutufundisha tunao hapahapa kwetu Kongo.

Dawa iliyosifiwa sana

Mwaka 2014 Ebola ilikuwa ikiua watu Liberia, Guinea na Sierra Leone. Wamarekani wawili walioambukizwa Liberia walipewa dawa mpya iitwayo ZMapp, wakapona. Sifa zake zikaenea dunia nzima. Lakini wengine walioipata mwaka uleule walikufa, na hao hawakuzungumziwa sana. Tena wale wawili walitunzwa katika hopitali kubwa ya kwao. Je, ni dawa iliyowaponyesha, au ni utunzaji? Hakuna aliyeweza kujibu.

Watafiti wakaijaribu kwa wagonjwa wengi zaidi kidogo. Kati ya 36 walioipata, walikufa 8. Kati ya 35 waliotunzwa bila dawa hiyo, walikufa 13. Mtu angesema: dawa imeshinda! Lakini watu walikuwa wachache mno. Mama anaweza kuzaa wasichana wanne kufuatana bila sababu yoyote. Vivyo hivyo hesabu ndogo inaweza kutudanganya kwa bahati tu.

Pamoja Tulinde Maisha

Mwezi wa Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Kabla haijaisha mwaka 2020, iliua zaidi ya watu 2200. Katikati ya msiba huo, mwezi wa Novemba 2018, INRB ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na watafiti wa Marekani, walianza utafiti wenye jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Dawa nne zililinganishwa. Wagonjwa wote walipata utunzaji uleule wa msingi, na kila mmoja alipewa moja ya dawa zile. Walipokelewa wakubwa na watoto, hata wenye mimba. Mwezi wa Agosti 2019 kamati ya kujitegemea iliyokuwa ikichunguza hesabu ilishauri kusimamisha sehemu hiyo ya utafiti, kwa sababu tofauti ilikuwa imeonekana wazi. Hesabu ya mwisho ni hii:

– ZMapp: walikufa 84 kati ya 169.
– Remdesivir: walikufa 93 kati ya 175.
– mAb114: walikufa 61 kati ya 174.
– REGN-EB3: walikufa 52 kati ya 155.

Kumbe dawa iliyosifiwa tangu 2014 iliacha karibu nusu ya wagonjwa wafe, na mbili nyingine zikaokoa wengi zaidi. Mojawapo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kama tungebaki na ushuhuda wa watu wawili, hatungejua hayo.

Maulizo manne ya kukumbuka

1. Walilinganishwa na nani? Kusema "walipona" hakutoshi. Homa nyingi za watoto huisha zenyewe. Tunataka kujua wale wasioitumia walikuwa namna gani.

2. Nani aliamua mgonjwa apewe dawa gani? Katika utafiti ule ilikuwa kura. Kwa nini kura? Kwa sababu waliofika mapema kwenye kituo walipona zaidi kuliko waliochelewa. Kama dawa moja ingepewa waliofika mapema tu, ingeonekana nzuri hata kama haina nguvu. Kura inawachanganya wote kwa haki.

3. Walikuwa wangapi, na je, wote walihesabiwa? Anayetaja waliopona tu, akinyamazia waliokufa, ametupa nusu ya habari.

4. Nani anasema, na anapata faida gani? Muuzaji wa chupa anaweza kusema kweli, lakini neno lake peke yake halitoshi. Tutafute kama wengine wasio na faida wamechunguza hesabu zake.

Tuyatumie nyumbani

Tuchukue chai ya artemisia, ambayo wengi wetu tunaambiwa inaponyesha malaria. Ni kweli kwamba mmea huo ndio unaotoa dawa iliyo ndani ya vidonge vya malaria vya kituo cha afya. Lakini kidonge kimepimwa. Kikombe cha chai hakikupimwa. Nguvu ya majani hubadilika, na mara nyingi ni ndogo mno kuua vidudu vyote vya malaria. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema kwamba haliungi mkono chai hiyo kwa kutibu wala kwa kukinga malaria. Jirani akisema, "Mimi nilikunywa nikapona," tusimcheke. Tumuulize kwa upole: ulipimwa kweli kwamba ni malaria? Na wengine walioinywa walikuwaje?

Mtoto akichemka mwili, tusingojee. Tumpeleke kituo cha afya siku ileile apimwe. Wale wa Ebola wametufundisha kwamba siku moja ya kuchelewa ina bei yake.

Katika mkutano wenu ujao, kila mama alete habari moja ya dawa aliyoisikia. Muiweke mbele ya maulizo manne, moja baada ya nyingine. Ile isiyojibu hata moja, msiitume kwa wengine.