Stika za Dracula Toronto, na kava za Shumileta tulizozitupa

UKITAKA kumtambua mkusanyaji wa stika hapa Toronto, mtazame kucha. Huwa fupi kama za muuguzi, kwa sababu ukucha huchubua karatasi, na karatasi ikishachubuka stika haina bei tena.

Tulilijua hilo Jumapili moja asubuhi, katika soko la vitu vya kale, tulipokuwa tumekwenda kutafuta viti. Mzee mmoja wa Kikanada alikuwa ameketi nyuma ya meza na albamu tatu. Ndani yake walipangwa Dracula, zimwi la Frankenstein, Mummy na bendeji zake, mtu-mbwamwitu, na yule kiumbe wa majini wa filamu ya mwaka 1954. Nyingine zilikuwa na karatasi inayometameta kama magamba ya samaki. Tukauliza bei. Akasema hauzi, anabadilishana tu. Amekosa moja kukamilisha seti na ameisaka kwa miaka tisa.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani ambao hawajaziona, stika hizi ziliuzwa na mashine zilizowekwa milangoni mwa maduka na kwenye sehemu za kufulia nguo. Ni sanduku la chuma. Unalaza sarafu zako za senti 25 kwenye matundu, unasukuma, unavuta, kikadi kinadondoka. Huchagui. Mbele ya mashine kuna karatasi ngumu inayoonyesha seti nzima, ili mtoto aone vizuri kile anachokikosa. Ukimtaka Dracula ukapata Mummy mara tatu, shauri yako. Mzee alituambia kwamba karatasi hiyo ya mbele ndiyo inayowatoa wakusanyaji udenda, maana kila mashine ilihitaji moja tu, na mwenye duka aliitupa mara stika zilipokwisha.

Jambo lililotushangaza ni umri wa sura zenyewe. Bela Lugosi aliigiza Dracula mwaka 1931, na Boris Karloff akawa zimwi la Frankenstein mwaka huohuo. Vipi watoto wa miaka ya 1960 na 1970 wahangaikie filamu za enzi za babu zao? Jibu ni televisheni. Mwaka 1957 filamu 52 za kutisha za studio ya Universal ziliuzwa kwa pamoja kwa vituo vya televisheni vya Marekani. Mtoto ambaye asingeruhusiwa kukanyaga jumba la sinema akawaona mazimwi hao sebuleni kwao, usiku, amejifunika blanketi. Wafanyabiashara hawakulala. Wakaleta majarida, vinyago, bablishi na stika.

Na msidhani ni mambo ya kitoto. Lugosi alifariki mwaka 1956. Mjane wake na mwanawe walipoona Universal inatoa leseni za kuuza bidhaa zenye sura yake, walifungua kesi mwaka 1966. Walishinda mwanzoni, lakini mwaka 1979 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo la California ikaamua kwamba haki ya kuuza sura ile haikurithiwa. Baadaye, katika miaka ya 1980, jimbo hilo likatunga sheria ya kulinda sura za watu maarufu waliokufa. Yaani familia ilihangaika mahakamani miaka 13 kwa ajili ya uso wa marehemu uliokuwa ukibandikwa kwenye madaftari ya watoto.

Canada nayo ilikuwamo. Kampuni ya O-Pee-Chee, iliyoanzishwa mwaka 1911 katika mji wa London, jimbo hilihili la Ontario, ilitengeneza bablishi na kuchapa kadi za Topps ya Marekani kwa ajili ya soko la hapa. Na Toronto ni mji wa vitisho hasa, ingawa ukiutazama umepoa. Black Christmas ya mwaka 1974 ilipigwa hapa, Videodrome ya David Cronenberg, mzaliwa wa mji huu, pia. Mwaka 2017 jumba la sanaa la Ontario liliandaa maonyesho ya mikusanyo ya Guillermo del Toro, mtengeneza filamu anayepanga sanamu za mazimwi nyumbani kwake kama wengine wanavyopanga vyombo kabatini.

Mzee akatugeuzia swali. "Kwenu mlikuwa na filamu za kutisha?"

Tukacheka. Tukamweleza habari za Mussa Banzi, za Nsyuka, na Shumileta ya mwaka 2005. Tukamweleza vibanda vya video vya Manzese, benchi moja watu wanane, na jinsi usiku ule hakuna aliyetaka kwenda chooni peke yake, sisi wanachuo wa Mlimani tukiwamo. Mzee akasisimka. Akataka kuona picha ya kava.

Hatukuwa nayo. Tulikuwa na boksi zima la kanda na kava zake, lakini tulipoondoka nyumbani kwa namna ambayo wasomaji wetu wa siku nyingi wanaijua, mtu habebi kanda. Anabeba vyeti. Tulimpigia dada yetu jioni hiyo. "Kaka, yale makanda ya uvunguni? Mbona tuliyatupa yalipolowa, mafuriko ya 2011." Hatuwezi kumlaumu, alikuwa akiokoa magodoro.

Tangu hapo tumekuwa tukitafuta. Maelezo marefu kuhusu filamu zile tumeyakuta kwenye maandishi ya mtafiti wa Kijerumani, Claudia Böhme, na tunamshukuru, ila inauma kidogo. Karatasi zilizowahi kuning'inia kila kibanda cha Kariakoo zimekwenda wapi? Mwenye kava la Nsyuka au Shumileta, hata lililoliwa na panya, alipige picha mbele na nyuma, lisilainishwe kwa pasi wala kubandikwa popote, atuandikie.

Tulipoagana, mzee alitupa Mummy mmoja aliyekuwa naye mara mbili, ndani ya mfuko wa plastiki, akasisitiza tusimbandue. Tulifika nyumbani, tukamweka mezani tuvue makoti. Kitinda mimba wetu alikuwa amekwisha mbandika kwenye mlango wa friji.

Bado yuko pale, kapinda upande mmoja.