Kituo Kimoja, Wakubwa Watatu: Mpangilio wa Ngazi katika Takwimu za Afya

Zahanati iliyo katika kata ya Makoko, Manispaa ya Musoma, haina mkubwa mmoja. Kiutawala, taarifa yake ya mwezi hupitia kwa mganga mkuu wa manispaa, ikaenda mkoa wa Mara, hadi taifa. Ikiwa ni mali ya shirika la dini, huwajibika pia kwa jimbo au dayosisi, ambayo mipaka yake hailazimiki kulingana na ya serikali. Wataalamu wa takwimu nao huihesabu katika Kanda ya Ziwa. Kila mkubwa anadai jumla yake, na hapo ndipo ugumu unapoanza kwa mtunzi wa programu ya kompyuta.

Programu itumiwayo nchini ni DHIS2, yenye asili katika kazi iliyoanza Afrika Kusini miaka ya 1990, ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake hapa nchini, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa imeenea katika mikoa ya Tanzania Bara. Ndani yake nchi ni mti: taifa ni shina, mikoa na halmashauri ni matawi, vituo ni majani. Kanuni ni kali: kila kituo kina mzazi mmoja tu.

Ukali huo una sababu. Tuseme zahanati imechanja watoto 40 dhidi ya surua. Ikiwekwa chini ya manispaa na pia chini ya jimbo, na yote mawili yakajumlishwa kitaifa, watoto hao watakuwa 80. Chanjo itaonekana kuwafikia watoto ambao hawakuzaliwa, na kijiji chenye upungufu kitafichika nyuma ya wingi huo wa uongo.

Njia iliyochaguliwa ni kuuacha mti wa utawala ulivyo, kisha kukipa kila kituo alama za vikundi: mmiliki ni nani, ni zahanati au hospitali, kiko mjini au shamba. Vikundi vya namna moja hukusanywa katika seti, na ndani ya seti kituo hakiruhusiwi kuwa katika vikundi viwili. Hivyo jumla ya umiliki hupatikana bila kuhesabu mara mbili. Ni suluhisho zuri, ingawa lina upungufu: kikundi hakina ngazi za ndani kama mti, na jimbo lenye matawi yake haliwezi kuchorwa humo kwa ukamilifu.

Ugumu mkubwa zaidi ni wakati. Wilaya ya Butiama ilimegwa kutoka Musoma Vijijini. Kenya nayo, kwa katiba ya mwaka 2010, ilihama kutoka mikoa na wilaya hadi kaunti 47 mwaka 2013. Mti huonyesha mzazi wa sasa pekee. Kituo kikihamishwa, takwimu zake za zamani huhama nacho. Musoma Vijijini ya zamani huonekana kana kwamba ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na taarifa iliyochapishwa wakati ule hailingani tena na kompyuta. Anayelinganisha miaka sharti kwanza aseme anatumia mipaka ipi.

Alama za vikundi huwekwa na watu. Kituo kipya kikisahauliwa, kitahesabiwa katika manispaa lakini kitakosekana katika jumla ya wamiliki. Kwa hiyo programu ina ukaguzi unaoorodhesha vituo visivyo na kikundi chochote, pamoja na vile vilivyo katika viwili vya seti moja.