Maembe ya Januari, Mtoto wa Julai

 

Kuanzia Desemba hadi Machi, ukipita Makueni, Machakos au kule Kilifi, maembe ni tele. Huuzwa kwa bei ya kutupa, na mengine huozea chini ya mti. Ifikapo Julai, mama yule yule anazunguka soko akitafuta embe moja la kumpondea mtoto, na akilipata, bei inamfukuza. Si jambo dogo hili. Embe lililoiva, lenye nyama ya manjano, lina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu, huanza kushindwa kuona giza likiingia, na surua au kuhara kukimpata humwangusha vibaya.

Basi, kama nyumbani mna friza, chagua maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, yasiyo na jeraha. Ngowe ni zuri sana kwa kazi hii kwa sababu halina nyuzi nyingi. Yale yenye nyuzi, yaponde uyachuje. Nawa mikono kwa sabuni, kisha uoshe embe zima kwa maji safi kabla ya kulimenya, maana uchafu wa ganda husafiri na kisu hadi ndani. Na hapa, mama, sikia vizuri: baridi haiui viini vyote vya magonjwa. Vingi huvilaza tu. Ukigandisha embe chafu, ndilo utakalompa mtoto.

Kata vipande vidogo, uvitandaze kwenye sinia visigusane, na uvigandishe hadi viwe vigumu. Halafu uvitie kwenye mkebe safi wenye kifuniko na uandike tarehe. Wako wanaomwaga vyote mkebeni mara moja, kisha Julai wanagonga bonge la barafu kwa mwiko wakitafuta kipande kimoja! Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, ponda embe bila sukari na ulimimine kwenye trei ya barafu. Kila asubuhi unatoa kimoja, unakikoroga ndani ya uji ulioepuliwa.

Friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hutunza embe kwa miezi 8 hadi 12. Kile kisanduku cha barafu ndani ya friji ndogo si sawa nayo. Hapo hesabu wiki chache tu.

Stima ikipotea, usifungue mlango. Friza iliyojaa hukaa na baridi kama siku mbili, iliyo nusu kama siku moja. Ukisafiri, gandisha maji kikombeni na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi uikute imezama chini, jua stima ilipotea muda mrefu na vitu viliyeyuka. Embe lililoyeyuka likapata joto, litupe. Usiligandishe tena.

Mtoto mdogo asipewe kipande kigumu cha barafu mkononi, kitamkaba. Kiache kiyeyuke ndani ya friji, ukiponde.

Na asiye na friji? Kausha. Kata vipande vyembamba, vitandaze kwenye wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini, ufunike kwa neti nzi wasitue. Vigeuze, uviingize ndani jioni, hadi vikunjike bila kutoa maji. Jua likipiga moja kwa moja hupunguza vitamini A, kwa hivyo kikaushio cha jua chenye kifuniko cheusi ni bora, kama kikundi chenu kinacho. Kabla ya kumpa mtoto, loweka kwa maji yaliyochemshwa, kisha uponde.

Vitamini A anayopewa kliniki kila baada ya miezi 6, hadi atimize miaka 5, iendelee vile vile. Embe halishiki nafasi yake. Tazama kitabu cha kliniki cha mtoto leo, uone alipewa lini mara ya mwisho.