Mabati ya Kikundi: Kutu Hutoka Wapi?

Vikundi vingi vya akina mama hapa Kenya vilianza kwa kununuliana mabati. Miaka ya 1960, huko Kenya ya Kati, hata viliitwa vikundi vya mabati. Siku hizi bati si paa tu, ndilo linalotega maji ya mvua ya kujaza tangi. Likitoboka, wanachama wanarudi kuchanga upya. Kwa hivyo tuangalie kutu huanzaje.

Wengi husema maji ndiyo hula chuma. Si hivyo hasa. Mlaji ni oksijeni iliyo katika hewa tunayovuta. Maji humfungulia njia tu, ndiyo sababu msumari uliowekwa mahali pakavu hukaa miaka bila kubadilika.

Kila kitu kimefanyika kwa vipande vidogo mno viitwavyo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na kukizunguka kuna elektroni. Oksijeni ina elektroni 8: mbili ziko karibu na kiini, sita ziko safu ya nje. Sasa shida iko hapo, kwa maana safu hiyo ya nje hutulia ikiwa na 8. Oksijeni ina pengo la elektroni 2, na hulijaza kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kushirikiana. Atomu mbili za haidrojeni, kila moja ikiwa na elektroni yake 1, huungana na oksijeni moja na kuzitumia pamoja. Ni kama majirani wenye mkokoteni mmoja: hakuna aliyempa mwenzake, lakini kila mmoja anautumia. Muungano huo ndio maji tunayokunywa. (Oksijeni huvuta mkokoteni upande wake kidogo, lakini hayo tuyaache.)

Njia ya pili ni kunyakua. Chuma hakishiki elektroni zake sana. Kikiwa na unyevu, atomu ya chuma huachia elektroni 2, na baadaye ya tatu, nayo oksijeni huzipokea. Chuma kilichopoteza, oksijeni iliyopata, pamoja na maji, hushikana kuwa ule unga mwekundu. Kutu hufura na kubambuka, chuma kipya kikabaki wazi, kazi ikaendelea. Sufuria ya alumini nayo hunyakuliwa vivyo hivyo, lakini tabaka lake hung'ang'ania kama ngozi na kuzuia hewa isipenye.

Je, oksijeni yenyewe hunyang'anywa? Ni nadra sana. Florini ndiyo huishinda kwa kuvuta.

Hapo ndipo utaona maana ya zinki. Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki pande zote. Zinki hutoa elektroni upesi kuliko chuma. Hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hutoa zake kwanza na chuma kinasalimika. Lakini zinki inaisha! Kule Pwani inaisha mapema, kwa kuwa chumvi ya bahari huharakisha elektroni kutoka.

Kwa hivyo, mkinunua mabati, msiyalaze yakiwa yamebebana na kulowa. Maji yakikwama katikati, zinki hugeuka unga mweupe kabla hata paa halijaezekwa. Yasimamisheni mahali pakavu. Simiti mbichi ikimwagikia bati, ioshwe mara moja, kwani huila zinki. Fundi asifunge bati kwa waya wa shaba: shaba ikigusana na bati penye unyevu, humaliza zinki na kisha chuma. Akikata kwa mashine, afagie vumbi la chuma lote, maana litashika kutu palepale juu ya paa. Majani kwenye mifereji yaondolewe, kwa sababu huweka unyevu siku nyingi baada ya mvua.

Wekundu ukianza kuonekana, msingoje tundu. Sugueni kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, pangueni vumbi, mpake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo mpake rangi ya juu. Ikiwa maji ya paa hilo ni ya kunywa, mwulizeni mwenye duka kama rangi hiyo ina madini ya risasi. Ikiwa nayo, msiichukue hata ikiwa ya bei ya chini.