Usiitupe Thamostati ya Gari Lako

Wewe mkulima wa Kitui au Makueni mwenye gari, yafaa uyasome haya kabla ya msimu wa maembe kuanza. Gari likichemka katika vilima vya Mbooni, au katika njia ndefu ya Mutomo hadi Kibwezi, nalo limejaa maembe yaliyoiva, hasara yako si ya gari peke yake. Maembe hayamngoji fundi. Yakikaa juani yataoza, na jasho lako la mwaka mzima litapotea.

Watu wengi, gari likichemka, huitoa thamostati na kuitupa, wakidhani kwamba injini itapoa. Hilo ni kosa. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, ili injini ipate joto upesi. Maji yakifika kama digrii 82 au 88, nta huvimba na kuufungua mlango, na maji huenda kwenye rejeta kupozwa. Bila ya mlango huo injini hukaa baridi, hula petroli nyingi na huchakaa mapema. Tena, katika magari mengine, maji mengi hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta, na gari huzidi kuchemka.

Mara nyingi penye taabu ni nyumba ya thamostati, yaani kile kifuniko cha aluminiamu au plastiki kilichofungwa kwenye injini, ambapo bomba la mpira la rejeta huungwa. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi hula aluminiamu. Ukiona ukoko mweupe au maji yakidondoka hapo, usingoje. Fanya hivi:

1. Ngoja injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maana mvuke utakuunguza uso.

2. Kinga maji katika karai. Kama yana dawa ya rejeta, usiyamwage chini: ni matamu lakini ni sumu kwa watoto, mbwa na mbuzi.

3. Legeza boliti polepole. Iliyoshika kutu itie mafuta na uiache kwa muda, usiilazimishe, itakatika. Angalia thamostati imekaa upande gani. Kwa kawaida springi huelekea injini.

4. Ziba tundu kwa kitambaa safi, kisha kwangua gasketi ya zamani yote. Nyumba iliyopasuka au kuliwa na kutu pale gasketi inapokaa, nunua nyingine.

5. Ijaribu thamostati. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, kisha uyachemshe. Isipofunguka, au isipojifunga ikipoa, haifai tena.

6. Rudisha kila kitu pamoja na gasketi mpya. Kaza boliti kidogo kidogo kwa zamu, wala usikaze kupita kiasi, kwa kuwa aluminiamu hupasuka.

7. Injini ikiwa bado baridi, jaza maji polepole. Iwashe bila kifuniko mpaka hewa itoke, kisha ongeza maji na ufunge. Kesho yake, kabla ya kuwasha, tazama maji tena.

Tangu hapo usitie maji ya kisima chenye chumvi. Tumia maji safi ya mvua kutoka tangi lako, yaliyochanganywa na dawa ya rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kila juma tazama maji, mabomba na vibanio vyake.

Gasketi ni kitu cha fedha kidogo. Silinda hedi iliyopinda kwa joto yaweza kukugharimu mbuzi kadhaa, na maembe ya msimu juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.